Uzi wa wanaotaka kusoma uchoraji chuoni: msilikimbie somo la historia ya sanaa

MchoraMeru (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kila dirisha la udahili likikaribia, vijana wananifuata pale ninapofanyia kazi Kijenge, wengine wanatoka Moshi na mabegi ya michoro, na maswali yao hayapishani sana. "Kaka, kuchora najua tangu darasa la tatu, chuo kitaniongezea nini?" Wazazi wanauliza kwa ukali zaidi: "Miaka mitatu mtu anafundishwa kuchora tu?" Na wale ambao tayari wako chuoni wananipigia simu kulalamika kwamba wamepangiwa historia ya sanaa, wanaandika insha badala ya kushika brashi, na wanaona wanapotezewa muda. Hili la mwisho ndilo limenifanya nifungue uzi.

Nianze na studio, maana wengi wanaifikiria tofauti na ilivyo. Mwaka wa kwanza hupewi turubai na rangi za mafuta ukaambiwa haya, onyesha kipaji. Unawekewa birika la bati mezani, chini yake kitambaa cheupe, taa imewashwa upande mmoja, unapewa mkaa na karatasi kubwa. Unachora nusu saa. Mwalimu anapita nyuma yako, anatazama, anakwambia: hili ni birika unalolijua, silo hili lililo mbele yako. Ukiangalia tena unaona anasema kweli. Mdomo wa birika umeuchora mviringo kamili kwa kuwa kichwani unajua ni mviringo, ilhali kutoka kwenye kiti chako unaonekana duaradufu nyembamba. Mkono umeufanya mnene kuliko ulivyo. Kivuli hakijagusa meza, kwa hiyo birika linaelea. Unafuta, unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unapima kwa penseli kimo cha kifuniko kinaingia mara ngapi kwenye tumbo la birika. Halafu unafundishwa jambo ambalo mimi lilinibadilisha kabisa: liache birika, chora ile nafasi tupu iliyo kati ya mkono wake na tumbo lake. Nafasi hiyo haina jina, hujawahi kuifikiria, kwa hiyo huwezi kuichora kwa mazoea. Lazima uitazame.

Mwisho wa zoezi kazi zote zinabandikwa ukutani na darasa zima linasimama mbele yake. Mwenye kazi ananyamaza, wenzake wanasema wanachokiona. Kwa kijana aliyelelewa kutokosoa kazi ya mwenzake hadharani, wiki za kwanza ni ngumu sana. Baadaye unazoea kusema "upande wa kushoto umelemewa" bila kumgusa mtu, na wewe unazoea kuambiwa. Peke yako nyumbani huwezi kulipata hilo, hata uwe na kipaji cha namna gani.

Sasa nije kwenye historia ya sanaa. Somo hili hufundishwa ukumbini, taa zimezimwa, projekta inabadilisha picha moja baada ya nyingine, na mara nyingi ni baada ya chakula cha mchana. Naelewa kwa nini watu wanasinzia. Tena kwa muda mrefu, katika vyuo vingi duniani, lilianza Misri ya kale, likapita Ugiriki na Roma, likakaa sana Italia ya karne ya 15, likaishia Paris na New York. Afrika ilitajwa pale tu mchoraji Picasso alipokutana na vinyago vyetu kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, wakati anachora Les Demoiselles d'Avignon. Kijana wa Sanya Juu akifundishwa hivyo ana haki ya kuuliza: mimi na watu wangu tuko wapi humo?

Tumo, wakuu, na ndiyo maana nawasihi msilikimbie.

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma chuo cha Makerere, Uganda, enzi za Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha shule ya sanaa pale, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, miaka ya 1950. Tanganyika ilipopata uhuru akawa Kamishna Mkuu wetu Uingereza, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo leo ni mali ya Museum of Modern Art (MoMA), New York, makumbusho yale yale yenye hiyo picha ya Picasso niliyoitaja. Yaani safari ya mbege ya uchaggani iko nyumba moja na Picasso, na kuna watoto wamezaliwa na kukulia Machame wanamaliza form six hawajawahi kusikia jina la Ntiro.

Zitazameni picha zake. Watu hawana sura za kina, vivuli ni haba, milima na migomba imepangwa bapa, rangi moja ikikaa juu ya nyingine. Asiyesoma atasema huyu mzee alikuwa hajui kuchora. Aliyesoma anajua mzee alipita Slade, shule yenye sifa ya kukomalia uchoraji wa mwili wa binadamu, na bado akachagua kuchora hivyo. Ukishajua kwamba ni uchaguzi, unaanza kuuliza kwa nini, na swali hilo linarudi kwenye kazi yako mwenyewe.

Wa pili ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, 1932. Naye Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakitokea katika mandhari ya Kiafrika. Mwaka 1965 akawa kati ya waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Huyu alipinga kunakili maisha yake yote. Vijana wanaokaa siku nzima wakichora kwa kukopi picha za simu wangefaidika sana kumjua.

Na kabla ya hao wote kuna Kolo. Ukitoka Arusha unapita Babati kuelekea Kondoa, unaikuta njiani. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuna watu wembamba warefu waliochorwa kwa udongo mwekundu, wanyama wenye mistari ya ndani iliyochorwa kwa makini, na michoro myeupe ya baadaye imepandishwa juu ya ile ya zamani. Baadhi ya miamba hiyo wenyeji bado wanaitumia kwa matambiko. Anayeanza somo lake la historia ya sanaa Kolo badala ya Athens anaanza na kitu anachoweza kukifikia kwa basi.

Karibuni tujadili.

DalaliWaVinyago

Mkuu umeandika vizuri, nimesoma yote. Lakini mimi nina meza sokoni hapa Arusha, acha niseme ninachokiona. Mgeni akishuka mlimani au akitoka Serengeti anataka twiga, Wamasai watatu wenye shuka nyekundu, na Kibo kwa nyuma. Vijana wanaonichorea hawajawahi kukanyaga chuo, wanalipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Huyo wa shahada akiniletea picha za kufikirika nitazipanga wapi? Na huyo Ntiro wa New York, sokoni kwangu anasaidia nini? Siwapigi vita wasomi, nauliza kama mfanyabiashara.

MchoraMeru

Swali lako ni la haki, na vijana unaowasema nawaheshimu. Wengine wana mkono mwepesi kuliko wahitimu wengi.

Ila fikiria kinachotokea mezani kwako. Wamasai watatu na mlima wapo kwako, kwa jirani yako, na kwa jirani wa jirani yako. Mgeni akifika meza ya tatu ameshajua anachagua bei tu, picha ni ile ile. Mnashushana mpaka hela ya rangi hairudi. Hilo kosa silioni kwa mchoraji, wala kwako. Kinachokosekana ni mtu wa kumpeleka mchoraji hatua ya pili.

Chukua Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam 1968 na akafa 1972, kwa hiyo kazi yake yote ni ya miaka kama minne. Alitumia rangi za kung'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya mbao za dari zilizokatwa mraba, kwa sababu zilipatikana dukani na bei yake ilibebeka. Rangi hiyo haichanganyiki kwa ulaini ikiwa juu ya ubao, ndiyo maana ukaja mtindo wa rangi bapa, mnyama mmoja mkubwa, mistari mikali. Vifaa vilizaa mtindo. Baadaye wanafunzi na ndugu zake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao. Sasa, kijana anayejua habari hii ana mambo mawili ambayo anayekopi twiga hana. La kwanza, anaweza kumwambia mgeni picha anayonunua imetoka wapi, na mgeni akisikia hivyo hakai tena kwenye bei ya meza ya tatu. La pili, anaweza kujiuliza: yule mzee alitumia kilichokuwa dukani 1968, mimi wa Arusha leo nina nini? Nina mabati ya paa, shanga, magunia ya kahawa, nyuzi za mkonge. Hapo ndipo picha mpya inapozaliwa, ambayo kwa jirani yako haipo.

Kuhusu kuipanga: si kila kazi inapita sokoni. Hoteli na kambi za wageni zinaagiza kazi kwa ajili ya kumbi na vyumba, wachapishaji wanahitaji wachoraji wa vitabu vya watoto, viwanda vya nguo vinahitaji wabunifu wa vitenge na khanga, makumbusho yanahitaji watu wa kupanga maonyesho na kutunza vitu visioze. Kazi hizi zinataka mtu anayechora na pia anaweza kuandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini. Ukurasa huo ndio zile insha wanazolalamikia.

MwlMstaafu

Nampongeza mleta uzi. Nimefundisha sekondari miaka mingi mkoani Kilimanjaro. Nitaongeza jambo moja. Watoto wetu wengi wanafika chuoni hawajasoma uchoraji hata siku moja darasani, ingawa upo kwenye mitihani ya Baraza. Katika shule mojawapo niliyofundisha, chumba cha sanaa kiligeuzwa stoo ya viti vibovu, na mwalimu wa somo akapewa vipindi vya Uraia. Kwa hiyo mtoto mwenye uwezo anajifunzia kwenye mgongo wa daftari la Hisabati na anachapwa kwa hilo. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali na sanaa bunifu zimo. Naomba wakuu wa shule wasiliache likabaki kwenye makaratasi.

Pia nakubaliana naye kuhusu Ntiro. Wazee wa Machame wanalijua jina hilo kama la balozi. Uchoraji wake wengi hawaujui.

MamaKibosho

Poleni na kazi wanangu. Mimi ni mzazi. Binti yangu amemaliza form six mwaka huu, matokeo si mabaya, na ameniambia anataka kusoma sanaa ya uchoraji. Baba yake amekataa kabisa, anataka uhasibu. Mimi niko katikati. Sina ubaya na uchoraji, ila naogopa nisije nikauza ng'ombe mtoto akarudi kukaa nyumbani. Naomba mnieleze kwa uwazi: vyuo ni vipi, na akimaliza anakuwa nani?

MchoraMeru

Shikamoo mama. Nakujibu kama ningemjibu mama yangu.

Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa ya siku nyingi. Ndiko alikofundisha Ntiro, na Profesa Elias Jengo ambaye ameandika na kufundisha sana kuhusu sanaa ya nchi hii. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho mwangalie. Kwa stashahada na astashahada kuna TaSUBa, Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981, wengi wanakijua kwa ngoma na maigizo lakini uchoraji na uchongaji vimo. Akipenda ualimu, Butimba, Mwanza, kinajulikana kwa kuandaa walimu wa masomo ya sanaa. Nje ya nchi jirani kabisa ni Makerere na Kenyatta. Hapa kwetu Makumira, pale Usa River, ni wazuri kwa muziki, lakini kwa uchoraji watoto wa kaskazini wengi huwa wanasafiri. Kozi hubadilika majina na sifa za kujiunga, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote fungueni mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu) wa mwaka huu, au wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kama ni stashahada, mhakikishe kozi imo.

Atakuwa nani? Mama, sitakudanganya kwamba kuna ofisi inamsubiri. Hakuna. Wahitimu ninaowajua wanaishi kwa kuunganisha: anafundisha shule siku kadhaa, anachora vitabu, anapokea oda ya ukuta wa hoteli, anauza kazi zake mbili tatu kwa mwaka kwa bei nzuri. Mwaka wa kwanza na wa pili baada ya chuo ni mgumu, na mzazi asiyejua hilo humvunja moyo mtoto wakati mbaya kabisa. Lakini yule aliyesoma kwa bidii pande zote mbili, mkono na historia, anasimama. Anayeyumba zaidi ni yule aliyetegemea mkono peke yake, kwa sababu kila mtaa una mwenye mkono.

Mwambie baba yake amwombe binti amchoree kitu kilichopo nyumbani, mbele ya macho yake, kisha amweleze alichokuwa anakitafuta. Akiweza kueleza, baba atamsikiliza kwa namna nyingine.

MamaKibosho

Nashukuru sana mwanangu. Nitampa baba yake asome hapa.

BintiSakina

Kaka mimi ndiyo kama huyo binti wa mama, ila niko Arusha. Rangi na turubai za dukani siziwezi, bei ni kubwa. Na nimesikia vyuo vya nje wanataka potifolio. Nianzie wapi nikiwa sina kitu?

MchoraMeru

Mdogo wangu, una kila kitu hapo Sakina.

Mkaa wa kuchorea tengeneza mwenyewe. Tafuta vijiti vikavu vilivyonyooka, vyembamba kama penseli, menya maganda. Vijaze kwenye kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu moja dogo, weka kwenye moto wa kuni. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kutoka, ondoa kopo, liache lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa la moto hewa inaingia na vijiti vinawaka, unabaki na majivu. Vikitoka vizuri vinalia kidogo ukivigonganisha na vinaandika cheusi laini.

Turubai ya mazoezi: nunua kitambaa cha marekani, fundi seremala akukatie fremu. Vuta kitambaa, pigilia katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande unaouelekea, halafu pande mbili zilizobaki, ndipo usogee taratibu kwenye kona. Ukianza na kona kitajikunja. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, iache ikauke, kisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili au tatu, ukipiga msasa mwepesi katikati. Haitadumu kama ya dukani, lakini utajifunzia bila kuogopa kuiharibu. Siku ukianza rangi za mafuta, vile vitambaa vya kufutia vyenye mafuta ya linsidi usivirundike kwenye kona ya chumba. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vianike nje vimetandazwa.

Potifolio ni mkusanyiko wa kazi zako bora. Vyuo vingi vya nje huomba kama kumi hadi ishirini. Usijaze sura za wasanii ulizozikopi kutoka kwenye simu, hata kama zimefanana mno, kwa sababu zinaonyesha ulivyo mvumilivu na si unavyoona. Weka sufuria za mama, viatu mlangoni, mkono wako wa kushoto, mafundi cherehani wa barazani, Meru asubuhi na Meru ikiwa imefunikwa wingu. Weka na daftari lako la michoro ya haraka, hata kurasa mbaya. Walimu wanapenda sana kuona ulivyofikiri.

Na jizoeze ile insha. Nenda Boma la Mjerumani, pale Makumbusho ya Historia ya Asili, lilijengwa mwaka 1900. Simama nje. Andika kwanza unachokiona peke yake: unene wa kuta, madirisha yamewekwaje, mlango mmoja unakuelekeza wapi, jengo linakufanya ujione mkubwa au mdogo. Baada ya hapo ndipo uandike lilijengwa na nani na kwa ajili gani. Kisha nenda Kaloleni, ufanye hivyo hivyo kwenye mnara wa Azimio la Arusha. Ukiweka kurasa hizo mbili pamoja utaona serikali mbili zikizungumza na watu wa Arusha kwa mawe na zege, kila moja kwa sauti yake. Hiyo tayari ni historia ya sanaa, umeifanya kwa nauli ya daladala.

DalaliWaVinyago

Nimerudi. Mkuu, hili la magunia ya kahawa limenikaa kichwani. Ninao kijana mmoja mzuri sana, nitampa magunia mawili matatu ajaribu, nikiona limekaa vizuri naliweka mbele kabisa ya meza. Na hiyo picha ya mbege naiona wapi?

MchoraMeru

Safi sana mkuu. Gunia lipigwe gundi kabla ya rangi, vinginevyo linanyonya yote. Picha iko kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, andika Sam Ntiro na MoMA, itakuja.

BintiSakina, na wengine mlionitumia ujumbe pembeni: Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa nje ya Boma na wanafunzi wangu. Njooni na karatasi, ubao wa kuegemea na penseli ya 2B. Raba acheni nyumbani.